Nzige Mkubwa, Koo Dogo

Mwanangu alikuwa amechuchumaa mbele ya kizimba, kibano mkononi, aliponiita. "Mama, njoo haraka. Ndevu hawezi kumeza." Nikamkuta mjusi wetu amenyoosha shingo juu, mdomo wazi, mguu wa nyuma wa nzige umechomoza pembeni mwa taya. Anameza, anatulia, anameza tena, na kitu hakiendi. Ngozi ya chini ya kidevu ilikuwa imegeuka nyeusi tii. Uzi wa mate mazito ulining'inia kutoka mdomoni hadi kwenye jiwe lake.

Tunaishi Uingereza. Huku nzige, mdudu ambaye kwetu Afrika Mashariki akivamia, watu hugonga masufuria kumfukuza mashambani, anauzwa hai dukani kwenye vikopo vya plastiki, amepangwa kwa saizi, awe chakula cha mijusi. Wiki ile saizi yetu ilikuwa imekwisha, nikachukua wakubwa. Niliona mjusi ameshakua, atawamudu. Mtoto hakukosea lolote. Alimpa mjusi nilichomletea mimi.

Naanza na dharura, maana mzazi anayesoma haya huku mjusi amekwamwa hana muda wa maelezo marefu.

Tuliza pupa kwanza. Mtoe mjusi kizimbani, mshike mwili wote kwa kiganja ili miguu isining'inie, na uinamishe kichwa chake kiwe chini kidogo kuliko kiwiliwili ili mate yatoke nje yasirudi ndani. Angalia mdomoni kwenye mwanga. Ukikiona kitu kwa macho, kiko mbele na kinashikika, kitoe polepole kwa kibano chenye ncha butu, ukikivuta kufuata njia kilikoingilia. Usipokiona, usichokonoe. Kidole au kibano kinachotafuta gizani husukuma chakula ndani zaidi, na meno ya mjusi hukata. Usimgonge mgongoni, usimbinye tumbo, na usimwekee maji wala mafuta mdomoni ili "kitelezeshe". Hilo la maji nalisisitiza kwa sababu ndilo la kwanza linalotujia sisi tuliolelewa kwa kupewa glasi ya maji kila tukipaliwa. Tundu la hewa la mjusi liko ndani ya mdomo kwenye shina la ulimi, na yeye hana kiwambo cha misuli kama chetu kati ya kifua na tumbo cha kumwezesha kukohoa kwa nguvu. Maji yakiingia mapafuni hayatoki kirahisi, na baada ya siku chache unauguza nimonia.

Akiendelea kuhangaika, au akianza kulegea, mweke kwenye boksi lenye matundu na taulo, akae kwenye joto la wastani, na safari ya kwa daktari ianze. Siku ile mguu wa yule nzige ulishikika. Nilipouvuta ulikuja na nusu ya mwili, na Ndevu akafumba mdomo kwa mara ya kwanza baada ya dakika ambazo sikuzihesabu. Nusu nyingine alikuwa ameshaimeza, tukampeleka kwa daktari.

Nimweleze sasa mnyama mwenyewe. Ni pogona, yule mwenye safu ya miba laini kidevuni ambayo akiivimbisha inafanana na ndevu. Kwao ni nyanda kavu za ndani ya Australia. Ni wa familia moja na mjusi wa kwetu wa Mwanza na Serengeti, ambaye dume lake lina kichwa cha waridi na mwili wa buluu, anayetikisa kichwa juu ya mawe. Pogona naye hutikisa kichwa vilevile, na mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilihisi namfahamu. Akikomaa hufika sentimita 45 hadi 60 pamoja na mkia, na uzito wa gramu 300 hadi 500. Ni mpole na anakubali kushikwa, ndiyo maana watoto wengi wa huku humwomba yeye.

Baada ya tukio lile nilidhani tatizo letu lilikuwa saizi ya nzige tu. Daktari aliniuliza mambo ambayo sikuyategemea: kizimba kina joto gani, taa ina umri gani, mjusi alikula saa ngapi. Nilipokuwa najibu ndipo nilipoelewa kwamba kumeza kwa mjusi hutayarishwa kwanza na joto, na mifupa, na saa, na koo huja mwisho.

Joto ndilo la kwanza. Mjusi hana moto wake mwenyewe, anauazima. Jiwe au gogo analootea lililo chini ya taa liwe na nyuzijoto 38 hadi 42 za Selsiasi juu yake, na upande wa pili wa kizimba uwe na 24 hadi 28, ili ahame mwenyewe akitaka kupoa. Pima kwa kipimajoto, usipime kwa mkono. Mjusi aliyepoa anaweza kudaka mdudu na kumbana, lakini misuli yake ni mizito, na kikifika tumboni chakula kinakaa bila kusagika, hatimaye kinarudi au kinaoza. Kwa hiyo usimlishe taa ikiwaka tu asubuhi. Kwetu taa huwaka saa moja, na wadudu hawaingii kizimbani kabla ya saa tatu. Jioni, mlo wa mwisho wa wadudu uwe umekwisha angalau saa mbili kabla ya taa kuzimwa. Siku ya yule nzige tulikuwa tumerudi nyumbani tumechelewa, taa ilikuwa karibu kuzimwa, na mtoto hakutaka mjusi alale njaa. Nzige mkubwa, mjusi anayepoa: mambo hayo mawili yalikutana.

Saizi ina kipimo ambacho wafugaji wengi wa pogona wanakijua, na ni kizuri kwa sababu mjusi mwenyewe anakibeba usoni: mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Kwa mjusi mchanga ninakichukua kipimo hicho kwa urefu wa mdudu. Kwa mkubwa nakichukua kwa unene wa mwili, na bado sikubali mdudu mrefu kuliko kichwa cha mjusi. Nzige na nyenje wana miguu ya nyuma yenye miba inayoelekea nyuma. Hiyo ndiyo iliyong'ang'ania shavuni mwa Ndevu. Ukiibana kwa kibano karibu na paja, nzige huiachia. Mwanangu mwanzoni alisita, akasema ni kumwonea mdudu. Nilimjibu kwamba mdudu tunamshukuru, na mjusi tunamlinda. Wengine huwatia wadudu kwenye friji dakika chache wapoe, wasirukeruke, ndipo wawape. Hiyo nayo inasaidia, maana mjusi anayekimbiza hudaka vibaya, anakamata kwa upande.

Mpe mmoja mmoja. Ndevu akiona wanne wanakimbia, anadaka wa pili kabla wa kwanza hajashuka. Kwa kibano cha mpira au mbao, shika mdudu kiunoni, mwelekeze kichwa mbele, na subiri hadi koo litulie. Kibano cha chuma chenye ncha kali kiache jikoni: pogona huuma kwa nguvu, na meno yake mengi yameungana na ukingo wa taya, yakivunjika hayaoti tena.

Baada ya dakika kumi au kumi na tano, waliobaki watoe wote. Nyenje aliyeachwa kizimbani usiku humng'ata mjusi aliyelala, hasa kwenye kope na vidole.

Mifupa ndiyo iliyonishangaza zaidi. Nyenje na wadudu wengi wa dukani wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, wakati mjusi anahitaji kinyume chake, kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi. Ndiyo maana wadudu hutikiswa kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu hadi waonekane wamepakwa vumbi jeupe. Kwa mjusi anayekua iwe karibu kila siku, kwa mkubwa mara kadhaa kwa wiki. Wadudu wenyewe nao walishwe vizuri siku moja au mbili kabla, karoti, majani na nafaka, kwa sababu tumbo la mdudu ndilo sahani ya mjusi. Lakini kalsiamu hiyo haishiki bila vitamini D, na vitamini D ya pogona hutengenezwa ngozini kwa miale ya jua iitwayo UVB. Huku jua letu ni la mawingu, tena kioo cha dirisha huizuia miale hiyo, kwa hiyo ni lazima awe na taa maalumu ya UVB. Taa hii inaudhi kwa jambo moja: huendelea kuwaka vizuri tu machoni petu huku miale yenyewe imefifia. Ya kwetu ilikuwa na mwaka na miezi. Sasa nimeandika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye ncha ya bomba lake, na naibadilisha kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, kwa nyingi ni kati ya miezi 6 na 12.

Haya yanahusianaje na kumeza? Mjusi aliyekosa kalsiamu kwa muda mrefu taya lake hulainika, likawa linapinda ukiligusa. Hawezi kutafuna, anadaka, anabana kidogo, kisha anameza mzimamzima au anaangusha. Misuli hutetemeka, vidole vinacheza vyenyewe, na hata tumbo hupunguza kazi. Mwenye mjusi anaona "amekuwa mchaguzi wa chakula", kumbe mnyama anaumwa. Ukiona anautaka mdudu, anamfuata, halafu analenga na kukosa mara kwa mara, au anamwangusha kila akimdaka, usibadilishe aina ya mdudu kwanza. Angalia taya, angalia taa, na mpeleke kwa daktari.

Kuhusu majani, mama wa Afrika Mashariki ana nafuu. Pogona mchanga hula zaidi wadudu, lakini mkubwa sahani yake kubwa ni majani, wadudu mara mbili au tatu tu kwa wiki. Sukuma wiki ni miongoni mwa majani bora kabisa kwake, na hapa nyumbani namnyofolea kutoka fungu lilelile la ugali wetu kabla halijaingia sufuriani. Majani ya haradali ni mazuri, na boga bichi lililokwaruzwa pia. Katakata membamba, yawe madogo kuliko ukucha wa kidole chako kidogo, na uondoe mshipa mgumu wa katikati. Vipande virefu vyenye nyuzi hukunjamana kooni. Nyunyizia maji kidogo juu yake, maana pogona wengi hawajali bakuli, hulamba matone. Mchicha na spinachi zisiwe chakula cha kila siku kwa sababu zina asidi inayoshika kalsiamu isitumike. Kisamvu usimpe kabisa: kikiwa kibichi kina sumu ya sianidi ambayo sisi huiondoa kwa kutwanga na kuchemsha, na kilichopikwa kina chumvi na nazi visivyomfaa. Parachichi ni sumu kwake, kitunguu na kitunguu saumu vilevile visimkaribie. Papai na embe, kipande kidogo siku mojamoja.

Kwa ndugu walioko Marekani nina onyo la pekee. Watoto hukamata vimulimuli jioni za kiangazi, na mtoto mkarimu anaweza kumpa mjusi mmoja. Vimulimuli wa huko wana sumu inayoshambulia moyo, na mdudu mmoja tu ametosha kumuua pogona mzima. Wadudu wa bustanini kwa ujumla waache bustanini, kwa sababu ya dawa za kunyunyizia na minyoo.

Mabuu nayo yana tofauti. Mabuu ya mbawakawa yana ganda gumu na mafuta mengi, kwa hiyo ni ya kuonjesha, na si kwa mjusi mchanga. Mabuu ya inzi mweusi, wale wanaofugwa siku hizi Kenya na Tanzania kwa chakula cha kuku, ni laini na wana kalsiamu yao wenyewe, na nawapenda kwa mjusi anayerudia kula baada ya kuumwa. Tena ondoa mchanga kizimbani. Kila akidaka mdudu ulimi wake wenye kunata huokota na punje, na punje zinaweza kujikusanya tumboni hadi kuziba. Sisi tumetandika vigae. Vinashika joto, vinafutika.

Sasa dalili. Kosa la kwanza la mlezi mgeni ni kuogopa kila mdomo ulio wazi. Pogona akiota joto hufungua mdomo akatulia hivyo, macho yamelegea, akipunguza joto la mwili. Hiyo ni afya. Akishameza huweza kupinda shingo kulia na kushoto, koo likacheza mara kadhaa, akalamba midomo, akamaliza. Hujivimbisha koo pia anapokaribia kujivua ngozi. Kaa naye wiki moja ukimtazama akila bila kufanya kitu kingine, simu iwe mbali. Ukiijua kawaida yake, isiyo kawaida itajitokeza yenyewe.

Isiyo kawaida ni mdomo wazi akiwa upande wa baridi. Ni shingo iliyonyooshwa juu kana kwamba anatafuta hewa, mate ya uzi au mapovu, kufuta mdomo kwenye jiwe au kwa mguu wa mbele tena na tena, kumeza kunakorudiwa bila chakula kushuka, uvimbe upande mmoja wa koo. Ni kidevu kilichobaki cheusi muda mrefu bila kutishwa na kitu. Sauti ya kukwaruza au kubofya anapovuta pumzi huashiria ugonjwa wa njia ya hewa, ambao watu huufananisha na kupaliwa. Fizi nyekundu, zilizovimba, au zenye usaha mgumu wa manjano kama jibini, ni ugonjwa wa kinywa. Huyo anakataa kula kwa sababu inamuuma. Vilevile mwangalie upande wa pili: mjusi aliyepitisha siku kadhaa bila choo wakati anakula, anajikamua bila kitu kutoka, au anaburuta miguu ya nyuma, asingoje kesho.

Kutapika hutisha, na ni kweli kunastahili kutisha. Chakula kilichorudi kizima muda mfupi baada ya kuliwa mara nyingi kinasema kizimba ni baridi au mlo ulizidi. Kikijirudia, kuna minyoo, kuna kuziba, au kuna ugonjwa ambao macho hayaoni. Kiweke kwenye kikopo, hata kikinuka. Daktari atakitaka, pamoja na kinyesi kibichi cha siku hiyo.

Mzani wa jikoni wa gramu ni pauni chache, na kwa maoni yangu una faida kuliko mapambo yote ya kizimbani. Mpime kila wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula. Pogona mkubwa majira ya baridi huweza kulala sana na kuacha kula kwa wiki kadhaa, na uzito wake ukabaki karibu palepale. Lakini mjusi wa gramu 400 aliyepungua gramu 40 ni mgonjwa hata kama anakutazama kwa macho angavu. Mchanga anayeacha kula hata siku mbili hana akiba, usimsubirie.

Usimlishe kwa bomba la sindano kwa kujifundisha. Niliona watu wakishauriana kufanya hivyo kama jambo dogo, nami nikalijaribu mara moja kwa maji. Nilikoma nilipoona povu puani. Ukitakiwa kumlisha hivyo, daktari akuoneshe kwa mkono wake, pembe ya kichwa, mahali pa kuweka ncha, kiasi cha kila tone.

Daktari huyo mtafute leo, mjusi akiwa mzima. Zahanati nyingi za wanyama hutibu mbwa na paka tu. Ya karibu na kwetu, ile niliyokuwa naipita kila siku nikidhani itatusaidia, iliniambia kwenye simu kwamba haimpokei mjusi, na tukapoteza karibu saa nzima kutafuta nyingine. Uliza moja kwa moja: mna daktari anayetibu wanyama watambaao, na usiku wa dharura mnampeleka nani? Andika namba ubaoni kando ya friji. Ukienda, chukua video ya namna anavyomeza, maana wengi wakifika kwa daktari hutulia kana kwamba hawakuwa na kitu. Taja joto la pande zote mbili, umri wa taa, mdudu wa mwisho na saa aliyoliwa.

Na mikono. Mijusi hubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa. Sabuni na maji kila baada ya kumshika yeye, chakula chake au vyombo vyake. Bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la vyombo vya watu. Na mtoto wa chini ya miaka 5 asimshike.

Picha ya eksirei aliyopigwa Ndevu baada ya tukio lile ilionesha ile nusu ya nzige imeshuka, njia iko wazi, na taya la chini limeanza kukonda. Tuliambiwa tumpumzishe na wadudu kwa siku tatu, tubadilishe taa, tuongeze kalsiamu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, jiwe likiwa na nyuzi 40, mwanangu alimpa nyenje mdogo aliyepakwa unga, asiye na miguu ya nyuma. Ndevu alimtazama kwanza. Ulimi ukatoka, taya likabana mara tatu, koo likacheza mara mbili, akalamba mdomo. Tulisubiri dakika nzima kwa saa ya ukutani kabla ya kumpa wa pili. Mtoto akaandika kwenye daftari: nyenje 4, wote wameshuka, uzito gramu 362.